Barua ya wazi kwa vijana wanaojifunza C

Wanangu,

Nimesoma programu zenu nyingi, na kuna jambo linanikera kwa sababu nawapenda. Mnakariri aina za data kama int, char, float na double hadi usingizini, halafu mkifika kwenye maneno static na extern, yanayoamua kigeu (jina linalohifadhi thamani) kinaishi hadi lini na nani anakiona, mnapita haraka, eti ni mambo ya mtihani. Kumbe humo ndimo zinamotoka hitilafu zinazowakesha usiku.

Kuhusu aina sitawachosha. Dennis Ritchie alipoitengeneza C kule Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliirithi kutoka B, lugha ya Ken Thompson isiyokuwa na aina kabisa. Aina zikaja ili kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wenu kwa lugha ya mashine, ijue itenge baiti ngapi na izisome vipi. Ila msidhani int ni biti 32 kila mahali. Kiwango cha C kinataka zisipungue 16 tu. Kwenye kompyuta zenu int kwa kawaida hufika 2,147,483,647. Kwenye Arduino Uno R3, kibao kidogo cha kielektroniki, inaishia 32,767. Mkihitaji ukubwa wa uhakika, tumieni int32_t au int64_t za stdint.h. Na hela za watu msiziweke kwenye float, kwa maana 0.1 haiandikiki kamili kwa biti. Hesabuni kwa senti, ndani ya int64_t.

Sasa tuje kwenye uhai wa kigeu. Kigeu kilichotangazwa ndani ya funksheni bila neno la ziada ni auto: huzaliwa programu inapoingia kwenye mabano yake, hufa inapotoka. Msipokipa thamani ya mwanzo, kinabeba takataka yoyote iliyokuwepo. Tazameni hii:

char *salamu(void) {
    char neno[20] = "Shikamoo";
    return neno;
}

Hapa funksheni inampa mwitaji anwani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa. Pengine "Shikamoo" itachapishwa vizuri leo, mkadhani programu ni nzima, kisha ije kuanguka mbele ya mteja. Kompaila nyingi hulionya kosa hili. Washeni -Wall, chaguo la kompaila kama gcc linaloongeza maonyo, na kila onyo mlisome hadi mwisho.

Wekeni static mbele ya char neno[20], na safu hiyo itaishi tangu programu ianze hadi imalizike. Thamani ya mwanzo huwekwa mara moja tu, na msipoiweka inakuwa sifuri. Hivyo funksheni yenye static int idadi inaweza kukumbuka imeitwa mara ngapi. Lakini nafasi ni moja kwa waitaji wote. Ndiyo maana strtok, funksheni ya kukata sentensi vipande, huwasumbua: inaficha ndani yake mahali ilipoishia, na mkiianzishia sentensi nyingine kabla ya kumaliza ya kwanza, ya kwanza inapotea. Mkiwa na nyuzi (threads) kadhaa zinazoendeshwa pamoja, mambo yanazidi kuharibika. Afadhali mwitaji alete safu yake mwenyewe na ukubwa wake, funksheni ijaze tu.

Nje ya funksheni, static hufanya kazi nyingine: hulifungia jina ndani ya faili lake. Nawasihi, funksheni saidizi na vigeu vya faili viwe static hadi faili jingine livihitaji kweli. Likivihitaji, andikeni extern kwenye faili la .h, na kigeu chenyewe mkitengeneze kwenye faili moja tu la .c. Mkikirudia na kukipa thamani kwenye mawili, linka, programu inayounganisha mafaili, itawakatalia, na itakuwa na haki.

Neno register, la kuomba kigeu kiwekwe kwenye rejista za kichakataji, msihangaike nalo. Kompaila za leo hujichagulia zenyewe.

Wiki hii chukueni programu moja mliyoiandika, na kando ya kila kigeu andikeni maoni mafupi: kinaishi hadi lini, nani anakiona. Mkikwama kwenye kigeu chochote, anzeni kukirekebisha hicho.

Mzee wenu.