Jaji wa Eagle hakuwa na kiti cha maisha

Zuhura mwenzangu,

Salaam aleikum. Huku sote wazima, hofu ni kwenu tu, na mama goti limetulia. Nimekaa kimya mno, unisamehe. Sefu aliniletea rasimu ya muhadhara wako juzi, nikaimaliza usiku uleule, na kalamu nimeishika kwa sababu ya mstari mmoja. Ukiusoma mbele ya wanafunzi wa sheria, utakuharibia kazi yote.

Umeandika kwamba James Wickersham, yule jaji wa Alaska, aliteuliwa jaji wa maisha, yaani asiye na muhula. Sivyo kabisa. Majaji wa maisha ni wa mahakama zilizowekwa na ibara ya 3 ya Katiba ya Marekani. Alaska ya mwaka 1900 haikuwa jimbo. Mahakama yake iliundwa na Bunge kwa sheria ya Juni mwaka huo, na jaji alipewa miaka 4. Nchi ikagawanywa sehemu 3: jaji mmoja Juneau, mmoja upande wa Nome, mji wa dhahabu pwani, na Wickersham akapangiwa Eagle, kando ya mto Yukon, eneo la kama maili za mraba 300,000. Kenya nzima inaingia humo na nafasi inabaki. Mahakama hakuikuta wala jela; alizijenga kwa ada za leseni za biashara. Februari 1901 alikwenda Rampart kusikiliza kesi, zaidi ya maili 500 kwa sleji ya mbwa juu ya mto ulioganda. Hayo umeyaeleza vizuri sana, usiyaguse.

Nome ndiko umekupitia mbio, na huko ndiko kwenye kiini. Jaji Arthur Noyes alishuka Nome Julai 1900 akiwa na Alexander McKenzie, kigogo wa siasa za North Dakota. Anaibuka mtu anadai kwamba mgodi wa Anvil Creek si mali ya waliousajili. Jaji, bila kuwasikiliza wenyewe, anamteua mtu wa kuushika hadi kesi iishe, naye ni McKenzie. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo kazi yake ni kulinda mali isiguswe. Amri ya Noyes ilimruhusu kuchimba! Dhamana aliyowekewa ilikuwa ndogo mno mbele ya dhahabu iliyokuwa ikitoka. Basi mwenye mgodi hata akishinda kesi, anarudishiwa shimo.

Noyes akazuia rufaa. Mawakili wakapanda meli hadi San Francisco, wakapata amri ya mahakama ya juu, McKenzie akaikaidi. Safari ya pili ndiyo iliyoleta maofisa wa kumkamata, Oktoba, bahari ikiwa karibu kuganda. Wangekawia wiki chache, meli zisingefika tena hadi kiangazi kijacho. Alihukumiwa mwaka mmoja kwa kudharau mahakama, na Rais McKinley akamsamehe baada ya miezi michache. Noyes alitozwa dola 1,000, akaondolewa 1902.

Aliyepelekwa Nome kusafisha ni Wickersham. Sasa irudie ile miaka 4. Muhula wake ulipokwisha 1904, akateuliwa upya, lakini maseneta waliomwonea uchungu McKenzie wakakwamisha uthibitisho wa Wickersham katika Seneti. Rais Roosevelt akawa anamteua Seneti ikiwa likizoni, lakini uteuzi huo hufa kikao kinachofuata kikifungwa, hivyo ukarudiwa na kurudiwa mpaka mwenyewe akajiuzulu. Miaka yote hiyo alikuwa akiamua kesi za migodi huku kiti hakijathibitishwa. Ukimwita jaji wa maisha, ushujaa huo unaufuta, na mimi unaniuma.

Madogo: mji wa Fairbanks ni jina la seneta wa Indiana, alilolipendekeza Wickersham. Mlima Denali, mrefu kuliko yote Alaska, alijaribu kuupanda 1903, hakufika kileleni. Ukuta wa kaskazini wa mlima huo ndio leo wenye jina lake. Na mswada wa kwanza wa kuifanya Alaska jimbo aliuwasilisha 1916, akiwa mjumbe wa Alaska asiye na kura.

Muhadhara ni tarehe ngapi hasa? Muda wa kuupanua ukurasa wa Nome unao, au nikuandikie aya mbili nimpe Sefu? Ramani ya Yukon umepata, maana bila hiyo watajuaje umbali wa Rampart? Na binti wa Bi Nasra, matokeo yametoka?

Wako,
Mwanaidi