Segwe si kuruka

Mhariri,

Juzi mtangazaji wa redio moja hapa Mombasa alitoka kwenye tanzia akaingia moja kwa moja kwenye tangazo la sabuni, kisha akajisifu kwa "segwe" yake, yaani jinsi alivyohama kutoka mada moja hadi nyingine. Neno hilo, segue, ni la Kiitaliano lenye maana ya "inafuata", na katika nota za muziki humwagiza mpigaji aingie sehemu inayofuata bila kusita. Kwa hiyo hufaa pale tu mada moja inapozaa nyingine bila msikilizaji kuhisi mshono. (Wala si Segway, kile kigari cha magurudumu mawili, ijapokuwa hutamkwa vivyo hivyo.) Kwa Kiswahili ningependekeza "kiungo", hata kama wapishi wa pilau watanicheka, kwani "mpito" umekwisha kutekwa na wanasiasa.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa