Tamthilia isiyotahiniwa nayo ina haki ya jukwaa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyelalamika juma lililopita kwamba vikundi vidogo vya maigizo hapa Mombasa vimeanza kuwaonyesha watu mambo yasiyoeleweka, akavitaka virudi kwenye vitabu vinavyosomwa shuleni. Nilifundisha Kiswahili katika shule za upili kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, na onyesho analolisema nadhani nililiona, kwa kuwa usiku ule tulikuwa watazamaji 31 tu, na viti vya plastiki vilivyobaki vilikuwa vimepandanishwa ukutani.

Mchezo wenyewe ulianza kwa mwanamume kuingia amebeba mlango mgongoni, mlango mzito wa mbao pamoja na fremu yake, akausimamisha katikati ya jukwaa pasipo na ukuta wowote, kisha akaenda zake. Kila aliyeingia baada yake alibisha hodi na kungoja kukaribishwa, ingawa angeweza kupita kando. Na mama mwenye nyumba, ambaye nyumba hakuwa nayo, baadhi yao aliwakaribisha na wengine akawaambia kwamba wenyewe wamesafiri. Alipokuja karani na futikamba, akaupima ule mlango kwa makini, halafu akamwandikia mtu mwingine kabisa hatimiliki ya hewa iliyokuwa nyuma yake, bibi mmoja aliyeketi mbele yangu alisema kwa sauti, "Haya ndiyo yaliyotupata sisi." Hakuna aliyekuwa amemfafanulia lolote.

Sisemi kila kitu kilikuwa sawa. Sehemu ya pili ilirefushwa mno, na waigizaji wawili walizungumza wakiwa wametupa kisogo hata maneno yao yakamezwa na feni. Hizo ni kasoro za kazi na zinarekebishika kwa mazoezi. Ugeni wa mchezo si kasoro.

Wala ugeni huo si wa jana. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia yake Mashetani mwaka 1971, aliwaweka vijana wawili, Juma na Kitaru, wacheze mchezo wa Shetani na Binadamu, na mchezo ule ukamfuata Kitaru hadi usingizini. Mwaka 1995 Said Ahmed Mohamed akatupa Amezidi, ambayo wahakiki wetu huiweka miongoni mwa tamthilia za kibwege, yaani zile zinazoonyesha maisha kama jambo lisilo na mantiki. (Wanafunzi wangu walicheka kila nilipolitamka neno hilo, wakidhani namtukana mwandishi.) Na kabla ya hao wote, bibi zetu walitusimulia habari za mazimwi na ndege wanaoimba siri za watu, wala hatukuwaambia kwamba hatuelewi.

Kinachovibana vikundi hivi ni pesa, na pesa ziko kwenye mtihani. Kikundi kinachoigiza tamthilia ya mtihani, Bembea ya Maisha, kama ilivyokuwa kwa Kigogo kabla yake, huletewa wanafunzi kwa mabasi asubuhi na alasiri; kikija na mchezo wake chenyewe, mwalimu huuliza ni swali gani litakalotoka humo. Nakiri kwamba swali hilo nimeliuliza mimi mwenyewe. Kijana mmoja niliyemfundisha aliwahi kuniletea mswada wake ulioandikwa kwa mkono katika daftari la kurasa 96, nikausoma kurasa mbili za mwanzo nikiwa nimesimama, nikamrudishia nikimwambia kwamba hayo hayamo katika silabasi. Ajabu ni kwamba shule hizi hizi, katika tamasha la drama lililoanza mwaka 1959, huwataka wanafunzi walete michezo mipya, huwapigia makofi na kuwapa vikombe, kisha wakimaliza kidato cha nne hakuna anayewauliza tena wameandika nini.

Msomaji huyo alitaja pia idadi yetu ndogo kama ushahidi. Tamthilia ya kwanza ya Eugène Ionesco, mwandishi wa tamthilia za kibwege huko Ufaransa, ilipoigizwa Paris mwaka 1950, watazamaji walikuwa wachache mno. Lakini tangu mwaka 1957 imekuwa ikiigizwa katika Théâtre de la Huchette, ukumbi mdogo usiofikisha hata viti 100. Si ukumbi mkubwa tunaouhitaji.

Ombi langu kwa walimu wenzangu ni hili: mkiwapeleka wanafunzi kuona kitabu cha mtihani, kiruhusuni kikundi kiongeze mchezo wake wa nusu saa kwa tikiti ile ile, na msiwape watoto karatasi ya maswali ya kujibu. Kwa wenye kumbi, ambazo jioni za Jumatatu hadi Jumatano hufungwa kwa kufuli, ombi ni kodi nafuu katika siku hizo.

Kikundi kile kimeniambia kwamba kitaurudia mchezo wake mwisho wa mwezi. Nimewaomba waifupishe sehemu ya pili. Mlango wasiuguse.

Mwalimu mstaafu,
Mombasa