Tiba ya macho si mazingaombwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba tiba ya kumpeleka mtu macho kulia na kushoto ili apone kiwewe ni mazingaombwe, na kwamba aliyepatwa na mshtuko anahitaji dua na muda tu. Simlaumu, maana hata mimi nilipoisikia tiba hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka. Aliyenifanya niache kucheka ni mdogo wangu.

Mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa hapa Tanga. Usiku mmoja wa giza, pepo za kusi zikivuma, chombo chao kilipinduka, na katika watu sita waliotoka walirudi wanne. Yeye hakuwa na jeraha ila michubuko ya mikono, kwa hiyo zahanati ilimpa vidonge vya usingizi na kumruhusu aende nyumbani. Miezi saba iliyofuata alishinda pwani akishona nyavu za wenziwe, na jioni, karabai zilipoanza kuwashwa na ile harufu ya mafuta ya taa ikamfikia, alilowa jasho na vidole vikashindwa kushika sindano. Usiku alizinduka akiita jina la mmoja wa waliozama. Ikasemwa kwamba amekumbwa na pepo wa baharini. Akapungwa, akanyweshwa kombe. Mimi sidharau kombe, nimelelewa kwalo, na nakiri kwamba kule kuzungukwa na watu wake kulimfariji. Ila karabai ilipowashwa tena, jasho lilikuwa lile lile.

Kuhusu vile vidonge, nimekuja kusoma baadaye kwamba mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unaelekeza dawa za jamii ya diazepamu zisitolewe kutuliza dalili za mshtuko wa namna hiyo katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Mwongozo huo huo unaitaja tiba ya kusogeza macho miongoni mwa tiba zinazopendekezwa kwa watu wazima na watoto wenye maradhi yatokanayo na kiwewe, pamoja na ile ya mazungumzo inayomsaidia mgonjwa kuyapima upya mawazo yake juu ya tukio. Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, ambaye mwaka 1987, akitembea bustanini, aligundua kwamba mawazo yaliyokuwa yakimsumbua yalipungua makali macho yake yalipokwenda huku na huku. Alichapisha utafiti wake wa kwanza mwaka 1989, kwa watu 22 tu, nao wengi waliushuku. Tangu hapo tiba hiyo imepimwa mara nyingi katika nchi mbalimbali.

Mdogo wangu alitibiwa Dar es Salaam, na aliyonisimulia hayafanani hata kidogo na uganga. Siku za mwanzo macho hayakuguswa kabisa: aliulizwa habari za maisha yake na kufundishwa namna ya kujituliza pumzi zikimwenda mbio. Kisha akatakiwa achague picha moja inayomuumiza kuliko zote, akachagua mkono wa mwenzake ukiteleza kutoka mkononi mwake, pamoja na neno alilokuwa akijiambia kila siku, “Mimi ndiye niliyemwachia.” Akaulizwa uchungu wake ni kiasi gani kuanzia sifuri hadi kumi, akajibu kumi. Ndipo mtaalamu alipoinua vidole viwili na kuvipitisha mbele ya uso wake, kushoto na kulia, kwa muda wa kama nusu dakika, huku yeye akivifuata kwa macho na ile picha akiishika moyoni. Wakapumzika, akaulizwa, “Sasa unaona nini?” Wakaanza tena. Hakulazwa usingizi wala hakuzubaishwa. Alikuwa macho muda wote, na angeweza kusimamisha kazi wakati wowote. Safari ya tano alipoulizwa tena alisema mbili, na lile neno lake lilikuwa limegeuka lenyewe: “Nilimshika mpaka nguvu zikaniishia.”

Maelezo ambayo wataalamu wengi wanayakubali ni kwamba akili haina nafasi ya kutosha ya kubeba kumbukumbu nzito na kufuata kitu kinachotembea kwa wakati mmoja, hivyo kumbukumbu hupoteza ukali wake na kurudi ghalani ikiwa imepoa. Si wote wanaokubali. Wapo watafiti wanaosema kinachoponya ni kule kulikabili tukio mbele ya mtu unayemwamini, na kwamba macho hayaongezi kitu. Mzozo huo ni wa haki, lakini unahusu sababu ya tiba kufanya kazi, jambo ambalo mwandishi wa barua ile amelichanganya na suala la kama inafanya kazi.

Jambo moja nakubaliana naye: video za simu zinazomwambia mtu afuate nukta kwenye kioo akiwa peke yake chumbani ni hatari, kwa sababu kumbukumbu ya namna ile ikifumuka bila mtu wa kuituliza inaweza kumwacha mgonjwa pabaya zaidi. Hilo ndilo linalonifanya niandike. Tiba hii haihitaji mashine wala dawa. Inahitaji mtu aliyefundishwa. Mdogo wangu alisafiri Tanga hadi Dar es Salaam mara saba, na nauli ya safari nne za mwisho ilitokana na kuuza fungu lake katika nyavu alizokuwa anamiliki na wenziwe. Mkoa wetu una wavuvi, una barabara ya Segera na ajali zake, na una Lutindi huko Usambara ambako wagonjwa wa akili wamekuwa wakipokelewa tangu enzi za Wajerumani. Naiomba wizara inayohusika isomeshe japo wauguzi wawili wa afya ya akili katika kila hospitali ya mkoa, ikianza na mikoa ya pwani.

Mdogo wangu amerudi baharini, kwa mchana tu. Karabai bado huwashiwa na mwingine.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga