Mwanangu, upande wa baba nao huhesabiwa

Mwanangu mpendwa,

Shangazi yako ameniruhusu nikuandikie haya, na nimeona heri uyasome kwa utulivu kuliko kuyasikia kwenye simu. Unajua kuwa bibi yako mzaa baba alifariki kwa saratani ya ovari, yaani viungo vya mwanamke vinavyotoa mayai ya uzazi, na kwamba shangazi aliugua saratani ya titi akiwa bado kijana. Usilolijua ni kwamba shangazi alipimwa vinasaba, akakutwa na hitilafu kwenye jeni, yaani chembe ya urithi, iitwayo BRCA1. Nami nikapima. Ninayo.

Najua utashangaa, maana watu wengi huyaona haya kuwa mambo ya upande wa mama. Hata kwenye vyumba vya madaktari kuna wanaouliza habari za mama na mama wadogo, baba wakamruka. Jeni hii haichagui. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya mama na moja ya baba. Kati ya zangu, moja ni nzima na moja ina hitilafu, na kila mtoto wangu alipata mojawapo. Kwa hiyo uwezekano wa wewe kuwa nayo ni nusu kwa nusu. Kaka yako vilevile, na yeye nitamwandikia, kwa kuwa mwanamume mwenye hitilafu hii anaweza kuugua saratani ya titi au ya tezi dume, na anaweza kuwarithisha watoto wake.

Mnasihi wa vinasaba, yaani mshauri wa mambo ya magonjwa ya kurithi, alichora ukoo wetu kwenye karatasi: duara kwa mwanamke, mraba kwa mwanamume. Duara la bibi alilijaza wino lote, na la shangazi hivyo hivyo, kuonyesha kuwa waliugua. Majibu yangu yalipotoka, akaweka nukta katikati ya mraba wangu, alama ya mwenye hitilafu ambaye hajaugua. Chini yake lilikuwapo duara lako, jeupe, na macho yangu hayakutoka hapo.

Saratani nyingi za matiti hazirithiwi. Zinazotokana na kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Lakini mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 yuko kwenye hatari kubwa: katika kila 100, takriban 70 huugua saratani ya titi kabla ya kufika miaka 80, na kama 44 huugua ya ovari. Kwa wanawake wengine, ya ovari humpata mmoja au wawili tu kati ya 100. Kuwa nayo si kuugua, mwanangu. Wapo wanaoibeba hadi uzeeni wasiugue.

Matiti yana njia nzuri ya kuchunguzwa. Wenye hitilafu hushauriwa kupigwa MRI ya matiti (picha ya mashine ya sumaku) kila mwaka kuanzia miaka 25, na mamogramu (eksirei ya matiti) ikaongezwa kuanzia 30. Wewe unatimiza 25 mwaka huu, ndiyo maana sikutaka kuchelewa.

Ya ovari ndiyo inayoninyima usingizi. Haina uchunguzi wa kutegemewa: ultrasaundi na kipimo cha damu cha CA-125 havijaonyesha kupunguza vifo, na dalili zake, kama tumbo kujaa au kushiba upesi, hudhaniwa kuwa ni gesi. Kwa hiyo wenye BRCA1 hushauriwa kuondolewa ovari pamoja na mirija ya uzazi wakiwa na miaka 35 hadi 40, wakishamaliza kuzaa. Mirija nayo hutolewa kwa sababu nyingi za saratani hizi huanzia humo. Hilo una miaka ya kulitafakari, usilibebe leo.

Kipimo chenyewe ni damu kidogo au mate. Onana na mnasihi kabla ya kutoa damu, si baada ya majibu tu. Ukikutwa huna, hatari yako inakuwa kama ya wanawake wengine, na watoto wako hawatairithi kwako.

Nakala ya majibu ya shangazi nimeiambatisha. Nenda nayo, kwa kuwa maabara itatafuta hitilafu ile ile, na bila hiyo jibu la "hakuna" lisingetosha kukutoa wasiwasi. Ukitaka nikusindikize nitakuja. Ukipenda kwenda na mama yako au peke yako, ni sawa. Na ukiamua kungoja kwanza, nijulishe tu, nisije nikakuuliza kila tukizungumza.

Baba yako