Harambee ya Chumba cha Akina Mama, Zahanati Yetu Ahero

Ndugu, dada na wana wa Ahero popote mlipo, Bwana asifiwe.

Tumerudi kunyoosha mkono, na tunajua ni mapema. Tangi la maji mlilotununulia mwaka juzi bado linang'aa. Ila lililotokea mwezi wa tatu limetunyima usingizi.

Sista wa zahanati alitangaza kanisani kwamba angewapima akina mama saratani ya mlango wa kizazi, bure. Wakaja 23. Chumba kilikuwa stoo. Mlango hakina, wametundika leso kwa kamba, nayo haifiki chini. Nje ndipo lilipo benchi la foleni ya dawa, na aliyeketi pale anaona miguu ya anayepanda kitandani. Walipopimwa 8, waliobaki wakaanza kukumbuka sufuria walizoacha motoni. Wakaondoka 15. Mmoja wao alimkuta mume wa binti yake ameketi kwenye benchi hilohilo. Nyinyi mnajua kwetu mkwe ni nani. Nani atamlaumu yule mama?

Halafu mvua ikanyesha, bati likavuja, kitanda kikavutwa pembeni. Kipimo chenyewe si kigumu: sista anapaka siki iliyozimuliwa, anangoja dakika moja, anatafuta doa jeupe, dalili ya chembe zinazoweza kugeuka saratani. Taa aliyokuwa nayo ni simu, imeshikwa na mama wa foleni. Mmoja kati ya wale 8 alikutwa na doa. Akaandikiwa kwenda Kisumu mjini, akasema ataenda mpunga ukishavunwa. Mpaka leo tunamfuata. Kuna kifaa kidogo cha kuchoma doa kwa joto, kazi ya dakika chache; tungekuwa nacho, angetibiwa palepale na kurudi shambani.

Uingereza, tangu 1988 wanawake huitwa waje wapimwe, na vifo vya saratani hii vimeshuka sana. Marekani kipimo cha Dkt. Papanicolaou, cha kukwangua chembe za mlango wa kizazi na kuzichunguza, kilipoenea, vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kenya, makadirio ya 2020 yalikuwa vifo zaidi ya 3,200. Ya 2022 yakakaribia 3,600, yaani wanawake karibu 10 kwa siku. Anayeishi na VVU hatari yake ni kama mara 6, na Kisumu hatuhitaji kufundishwa habari za VVU. Chanjo ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, wasichana wa miaka 10 wanapewa tangu 2019, Mungu ashukuriwe, lakini mama zao haikuwakuta.

Tunahitaji shilingi 685,000: bati, dari, mlango, taa ya kupimia, kitanda, na kile kifaa, ambacho ndicho kinachokula sehemu kubwa. Akina mama wameshaweka 61,400 kwa kuuza mchele na mandazi. Wazee wa kanisa wameahidi, na ahadi zao tumeziandika kwa kalamu ya wino.

Niseme jambo moja kwa niaba yangu. Desemba tulimzika mwimbaji wetu wa kwaya, ugonjwa huuhuu. Tenti, viti, gari na ng'ombe wawili vilipatikana kwa siku 4. Alistahili. Lakini mimi ndiye niliyehesabu pesa za matanga, na nilipofunga daftari niliona zingetosha mlango, taa na kitanda, na chenji ingebaki.

Harambee ni Jumapili tarehe 16 Agosti, baada ya ibada ya pili. Walio Nairobi na ughaibuni watume kwa nambari iliyo kwenye kadi. Risiti kwa kila mchango, hata wa shilingi 50. Hesabu ya tangi tulichelewa kuisoma, mkatusema, na mlikuwa na haki. Hii itabandikwa mlangoni mwa kanisa kila Jumapili.

Fundi ameshapima mlango: futi 7 kwa 3, mbao ngumu, komeo kwa ndani.

Mweka hazina, Umoja wa Akina Mama