Itafute ile bahasha ya kaki

Ngamiani, Tanga
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanamkasi,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo, mama anakusalimu, Mzee Kombo bado anakohoa na bado anavuta. Najua mwaka mzima sijakuandikia, utanisema baadaye. Simu yako tangu Ijumaa haipatikani, ndiyo maana namtuma Hamza. Mpe chai kwanza, na habari za ndoa usimuulize, hataki kuzisikia.

Shida yangu ni Rehema. Titi la kulia, lile aliloenda kuwekewa mfuko wa silikoni kule Chennai, India, limevimba. Halimuumi sana, ila limejaa kama mtu aliyeficha chungwa la Muheza (maneno yake mwenyewe hayo, mimi nisingethubutu). Wiki tatu alikaa kimya, ati ni ndoo za maji zimemchosha bega. Unamjua.

Tukaenda hospitali. Nesi wa mapokezi kusikia tu "kipandikizi" akatuelekeza kwa watu wa uzazi wa mpango, kwenye vijiti. Rehema na miaka yake hamsini na mbili, mjane, alicheka mpaka akashika ukuta. Daktari kijana tuliyemkuta hakucheka. Aliuliza mambo mawili: ni cha kampuni gani, na ganda lake ni laini au la kukwaruza? Tukabaki kutazamana. Shoga, mtu kabeba kitu kifuani miaka tisa na jina lake halijui! Pikipiki ya Hamza ina kadi. Friji la mama lina namba mgongoni. Rehema hana hata kikaratasi.

Anavyoeleza daktari, ipo saratani moja ambayo si ya titi lenyewe. Ni ya chembe za kinga za mwili, nayo huota kwenye ule utando ambao mwili hujijengea kuuzunguka mfuko wa silikoni. Imeonekana hasa kwa wenye mifuko ya ganda la kukwaruza, na mara nyingi hujitokeza miaka saba, minane, kumi baada ya upasuaji. Dalili yake kubwa ni hiyo hiyo, maji kujaa upande mmoja. Akasema tusitangulize matanga, maana si kila uvimbe ni huo, pengine mfuko umepasuka tu. Jumatano atayavuta maji kwa sindano yapelekwe Dar, na kaandika kwa kalamu nyekundu kipimo cha CD30, cha kuitafuta saratani hiyo, ili wasikisahau. Ikikutwa mapema, mara nyingi kuutoa mfuko pamoja na utando wake wote kunamaliza kazi. Neno "mara nyingi" nimelirudia kichwani tangu Alhamisi.

Usiku silali, nasoma kwenye simu. Kumbe Wamarekani, FDA yao, ile mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba, walishataja uhusiano wa mifuko hii na saratani hiyo tangu 2011. Mwaka 2019 wakaitaka kampuni ya Allergan iiondoe sokoni mifuko yake ya BIOCELL, ya ganda la kukwaruza, ikaondolewa dunia nzima. Hawakusema wasio na dalili wakatolewe, ila walitaka kila mwenye nayo ajue dalili. Sasa 2019 Rehema alikuwa wapi? Alikuwa hapa hapa anapika pilau ya harusi ya Salma, na hakuna aliyempigia. Labda chake si cha hao. Ndiyo hilo, hatujui!

Na Ufaransa ndiyo usiseme. Kampuni ya PIP ilikuwa inajaza silikoni ya viwandani, isiyoruhusiwa kuingia mwilini mwa mtu, na wakaguzi wakija wanaonyeshwa ile nzuri. Ilifungwa 2010, mwenyewe Jean-Claude Mas akahukumiwa miaka minne. Minne!

Kilichonikata maini ni wale wanawake wa Marekani waliowekewa mifuko hii. Miaka wanalalamika uchovu, viungo, kusahau, wanaambiwa ni mawazo yao. Machi 2019 wakaenda kusimama mbele ya jopo la FDA, mmoja mmoja, wakasema. Mwaka 2021 ikatoka amri kwamba daktari aipitie orodha ya hatari pamoja na mgonjwa kabla ya kisu, na aambiwe wazi kwamba kitu hiki si cha maisha. Rehema aliambiwaje? "Hiki utazikwa nacho." Wewe ulikuwepo, ulikaa kiti cha dirishani unakula ndizi. Au nakosea?

Basi nije kwenye bahasha. Mlipotoka Chennai mlichanganya sanduku kwa sababu lake lilijaa sari, na karatasi za hospitali zikaingia kwako. Bahasha ya kaki, ndani yake kadi yenye stika ndogo, na pale kwenye stika pana herufi LOT au SN na namba ndefu. Hiyo ndiyo roho yetu. Nimewaandikia barua pepe wale wa Chennai, wakajibu tutaje namba ya mgonjwa, nayo imo humo humo. Daktari anataka pia kupeleka taarifa TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, lakini fomu bila namba ya kifaa, anasema, ni kama kushtaki mwizi asiye na sura.

Sanduku bado unalo, au ulimpa wifi yako? Ulipohama kutoka Nyegezi ulichoma karatasi? Stika usiibandue, piga picha mbele na nyuma, unanielewa? Yule daktari wa Chennai alikuwa anatamka jina gani la kampuni, hukusikia hata nusu yake? Na wewe mbona simu imezimwa, mko salama?

Rehema hajui kama nakuandikia. Ukimpigia, anza na habari za watoto.

Hamza anapanda basi alfajiri. Nimemfungia visheti vyako, vikifika pungufu utajua njia vilikopitia.

Wako,
Mwanaidi